Ndege wahamaji adimu: uwasubiri shambani au kwenye ardhi oevu?

Kwa wingi wa aina, ardhi oevu inashinda. Maji yakipungua, matope hubaki wazi na vitwitwi, ndege wadogo wanaotafuta chakula matopeni, hushuka kwa mamia. Mmoja kati yao, mwenye mdomo uliopinda kidogo, huenda ndiye mgeni unayemtafuta. Kumtambua ni kazi. Nje ya msimu wa kuzaa wengi wao hufanana, wako mbali, na darubini ya mkononi mara nyingi haitoshi. Utahitaji teleskopu, buti za mpira na saa kadhaa za kutulia. Wakiinua vichwa wote kwa pamoja, umewashtua; rudi nyuma tafadhali wale: wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya maelfu ya kilomita.

Shamba halina gharama hizo, ila neema yake ni ya siku chache. Trekta linapolima, korongo weupe hulifuata wakidona panzi na minyoo, karibu kabisa nawe. Mazao yakishasimama, wametoweka. Tena shamba lina mwenyewe, omba ruhusa.

Mwenye asubuhi moja tu ningempeleka shambani msimu wa kulima. Anayeweza kurudi bwawa lile lile kila wiki na daftari lake, matopeni atapata zaidi.