Kozi mseto ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua: uzoefu wangu

Mimi ni mkunga, nafanya kazi leba katika hospitali ya wilaya. Kilichonipeleka kwenye kozi hii ni pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma) za kuhuishia leseni, na kwa kuwa sehemu kubwa inasomwa kwenye simu, nikaona haitanitoa kazini. Posho ya semina hakuna, niwaambie mapema wale tunaojuana.

Unaanza na video na maswali peke yako. Ukifaulu unaitwa darasani siku moja kwa mazoezi ya mikono, kisha mnarudi wodini na mdoli wenu wa mazoezi mkaendelee kujifua kidogo kidogo.

Video ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Somo la dakika ya dhahabu, yaani zile sekunde 60 za mwanzo ambazo ndani yake mtoto awe anapumua au uwe umeshaanza kumpa hewa, nimelirudia mara nyingi usiku zamu ikitulia. Darasani huwezi kumwambia mkufunzi arudishe nyuma. Maswali nayo hayana huruma: unaonyeshwa mtoto hajalia, saa inatembea, uamue kama unamkausha na kumsugua mgongo, unasafisha njia ya hewa au unachukua begi na maski, kile kifaa cha mkono cha kumsukumia hewa mapafuni. Kinachokera ni kwamba video ni nzito, zinakula bando, na mtandao ukikatika katikati ya jaribio unaanza upya.

Ila kidole kwenye kioo cha simu hakijui maski inavuja. Hilo nimelipata darasani. Mdoli anajazwa maji ya uvuguvugu kama lita 2, anakuwa mzito na mlegevu kama mtoto kweli. Mkufunzi anabonyeza balbu pembeni, kitovu kinadunda, akiiachia, kimya. Ukibana begi kifua kisipande, ama maski haijakaa, ama shingo imekunjika. Mwenzetu mmoja, mkongwe wa leba, alikuwa anaikandamiza maski mpaka kidevu kinaingia ndani. Mkufunzi akamwambia, “Sista, usiisukume maski chini. Inua taya, ilete kwenye maski.” Kifua kikapanda hapohapo. Hata kuhesabu pumzi 40 kwa dakika kuna mdundo wake, na mdundo huo mkono ndio unaoushika.

Kozi ingeishia hapo ningeipa nyota 3. Yaliyoonekana hospitali ya Haydom, kule Mbulu, yanaeleza kwa nini. Baada ya mafunzo ya siku moja mwaka 2010, wahudumu walipopimwa kwenye mdoli miezi 7 baadaye walifanya vizuri, lakini kwa watoto halisi utendaji haukubadilika. Vilipoanzishwa vipindi vifupi vya mazoezi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Kwetu tunafanya wakati wa kupokezana zamu, dakika chache tu: mmoja anabana begi, mwingine anashika saa, wengine wanakosoa, na kicheko hakikosekani. Mdoli anakaa wazi leba, anayepita anajaribu. Rafiki yangu wa kituo kingine amesoma kozi hiihii, lakini mdoli wao kafungiwa kabatini asije akaibiwa, na ufunguo inchaji anaondoka nao. Huyo kapata cheti na pointi, basi.

Kwa hiyo kabla hamjalipa, waulizeni waandaaji kama mdoli anabaki kwenu au anarudi nao, na nani hapo wodini atasimamia mazoezi wao wakishaondoka. Video zipakueni mahali penye waifai. Anayetafuta habari za watoto njiti kwa kina atafute kozi nyingine, hapa wameguswa juujuu. Nimetoa nyota 4. Ya 5 wataipata wakilirekebisha lile jaribio linaloanza upya.