Nilivyobadilisha kadi ya poti 48 kwenye swichi ya mtandao wa hifadhi (SAN) bila kuzima umeme

Poti nane zilikufa kwa mpigo, kuanzia ya 17 hadi ya 24, huku zilizobaki kwenye kadi ile ile zikiwaka kijani kama kawaida. Nikaanza kwa kulaumu SFP, vile vipachiko vidogo vya kuunganisha kebo ya mwanga na poti, maana hizo ndizo huharibika mara kwa mara. Nikachomoa moja, nikaichomeka kwenye poti ya 30 iliyokuwa wazi, ikawaka papo hapo. Ya pili hivyo hivyo. Basi nikaelewa: poti zinazofuatana zikizimika kikundi namna hiyo, mara nyingi ni chipu inayozihudumia ndiyo imekufa, na chipu haibadilishwi peke yake. Inatoka kadi nzima.

Swichi yenyewe ni ya kasha kubwa la kupachika kadi. Ina kadi kuu mbili, moja kazini na nyingine inasubiri, kisha kadi za poti, pawa saplai na feni, na vyote hivyo hutoka na kuingia swichi ikiwa inafanya kazi. Tumeitumia miaka minne kwenye mtandao wa hifadhi, ule unaounganisha seva na diski zake, kwa teknolojia ya Fibre Channel ya 16G. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu yapo mambo ya kulalamikia.

Mwongozo wao unaeleza vizuri skrubu gani ilegezwe na wenzo upi uvutwe. Kuhusu kuhakikisha kila seva ina njia ya pili, unagusia tu na kupita, na hapo ndipo ilipo kazi yote. Tuna fabriki mbili, yaani mitandao miwili ya hifadhi iliyotengana, A na B, na kila seva inatakiwa kuwa na kebo kila upande. Nikapita seva moja moja nikihesabu njia zilizo hai. Zote sawa, mpaka nilipofika kwenye seva ya hifadhidata: upande wa B ulikuwa umekufa siku nyingi na hakuna aliyejua, kwa kuwa programu ya njia mbili ilikuwa inapitisha kila kitu upande wa A kimya kimya. Na kadi mbovu iko fabriki A! Ningeichomoa siku ile, hifadhidata ingebaki haina hata diski moja. Chanzo kilikuwa kebo iliyobanwa na mlango wa raki hadi uzi wa kioo ukakatika ndani. Kwa nje ganda lilikuwa zima kabisa.

Siku ya kazi sikukimbilia kuchomoa. Nilizima poti kwa amri, moja baada ya nyingine, nikiangalia seva husika inahamia B ndipo naenda inayofuata. Poti uliyoizima kwa amri unaweza kuirudisha kwa sekunde. Kadi uliyokwisha kuing'oa ni habari nyingine. Nikapiga picha za kebo, nikabandika namba pande zote mbili, nikavaa mkanda wa mkononi wa kuondoa umemetuli. Wapo wanaoucheka mkanda huo. Wacheke tu.

Sasa lalamiko langu kubwa. Kebo za kadi ya juu zinaning'inia mbele ya kadi ya chini, na kasha limewekewa vishikizo vya kebo upande mmoja tu. Ili kadi mbovu itoke, ilibidi nisogeze fungu la kebo za jirani yake, na hizo zilikuwa hai zinapitisha data. Nilizishika kwa mkono wa kushoto kama mtu anayefungua pazia, mkono wa kulia unavuta kadi. Swichi inayosifiwa kwamba haizimwi kamwe haikupaswa kunifanya nishike pumzi hivyo.

Kadi mpya ilikataa mara ya kwanza. Iliingia karibu yote, ikabaki upana wa kidole, wenzo haufungi. Kishawishi cha kusukuma kwa nguvu ni kikubwa, lakini nyuma kule kuna pini, na zikipinda umeharibu kasha, si kadi tena. Nikaitoa, nikamulika kwa tochi: ukingo mmoja ulikuwa umepanda juu ya reli yake. Nikaanza upya taratibu, nikasikia mlio wa kufunga wenzo zote mbili. Taa ikawa ya manjano wakati inajipima, ikachukua programu endeshi kutoka kadi kuu, ikageuka kijani. Kwa kuwa ni ya aina ile ile na imekaa kwenye nafasi ile ile, mipangilio ya poti zote ilirudi yenyewe. Hapo nawavulia kofia.

Kuhamisha SFP na kurudisha kebo ndiko kulikochukua muda. Lebo moja ilidondoka, nikabadilishana kebo mbili bila kujua. Kwa seva nyingi hilo lisingeonekana, kwani zoni zetu, yaani orodha za seva ipi ione diski zipi, zimeandikwa kwa WWN, namba ya kipekee ya utambulisho, na WWN huenda na kadi ya seva popote uichomekapo. Ila kulikuwa na zoni mbili za zamani zilizoandikwa kwa namba ya poti. Seva ikawa imeingia kwenye fabriki vizuri, poti kijani, lakini upande ule haioni diski. Picha za simu ndizo zilizoniokoa. Zoni hizo nimeshaziandika upya.

Baadaye nilifuta vihesabio vya makosa vianze sifuri, nikaviacha saa moja. Poti ya 41 ilikuwa inapandisha makosa ya CRC, yaani data inafika imeharibika. Kabla ya kushuku kadi mpya nilichomoa kebo nikasafisha ncha kwa kalamu ya kusafishia faiba. Yakakoma. Vumbi tu, tena huenda mimi ndiye niliyeliingiza, maana vifuniko vya ncha nilikuwa nimeviweka mfukoni badala ya kuvivisha kebo.

Huduma yao kwa wateja iliniomba faili lile lile la kumbukumbu mara tatu, kila mara na mtu mpya. Kadi ilifika kesho yake, hilo siwapokonyi. Nyota nne kwa swichi, mbili kwa huduma. Kadi mbovu nimeirudisha kwao kwenye boksi la ile mpya, baada ya kuhesabu SFP mara mbili nisije nikawapelekea na zangu.