Mtumbwi wa Mabamba: tulifuata ndege tukakuta nyoka

Nianze na bbulwe ili watu wasiniulize, yule ndege wa domo kama kiatu tulimwona, mmoja, kasimama kama askari wa geti, nusu saa nzima hasogei. Poa. Lakini kilichonileta hapa kuandika ni nyoka.

Tulitoka Entebbe asubuhi, feri ya Nakiwogo mpaka Buwaya, halafu boda mpaka kinamasi cha Mabamba. Kwenye mtumbwi tulikua mimi, mke wangu na kaka wa kasia. Tumeingia kwenye kanjia kembamba katikati ya mafunjo, mara yule kaka akaacha kupiga kasia akanyoosha kidole. Lijoka la kahawia, mita moja na ushee, limejilaza juu ya mafunjo linaota jua, mke wangu akanishika mkono kidogo aung'oe, mimi nishasema kimoyomoyo hii ni swila leo tumekwisha.

Kaka akacheka. "Nnyabo tulia, huyo wa maji, hana sumu, anakula samaki na vyura basi." Wataalamu wanamwita Grayia smithii, hapa Ziwa Victoria yupo na kwenye mito na vinamasi pia, wadogo wao wana mistari kama pete mwilini. Shida yake ni kwamba anafuata samaki mpaka ndani ya nyavu, na yeye anavuta hewa kama sisi, akinaswa chini anakufa. Akitolewa mzima anapigwa kasia, sababu swila nae anaogelea na anakaa hukuhuku, sasa mvuvi ataanza kuchunguza magamba saa ngapi? Kaka mwenyewe alisema hamuui ila hamshiki pia, maana kosea mara moja tu. Nilimpenda kwa hilo. Joka likateleza majini hata tone halikuruka.

Sasa malalamiko. Kampuni ya Kampala iliyotuuzia safari (jina silitaji) ilituchaji karibu mara mbili ya bei tuliyoikuta pale gatini, na chai waliyoahidi hatukuiona. Nendeni wenyewe. Mtumbwi nao unavuja, kopo la kuchotea maji nilikabidhiwa mimi mteja, na maboya ya kuvaa yalikua mabichi yananuka kamongo.

Kaka wa kasia nampa tano kwa tano, mtumbwi tatu. Ombeni wa kasia sio wa injini, injini inafukuza kila kitu, na muvae suruali ambayo haitawauma ikilowa.