Shule ya wanangu hapa Kisauni tangu ifunguliwe: maski, karo na walimu

Watu wananiuliza sana hii shule ya kibinafsi, hasa majirani waliowahamishia watoto shule ya serikali mwaka jana na sasa wanafikiria kuwarudisha muhula ukianza tarehe 10 Mei 2021, na kila mmoja nikimjibu kwa simu nasema nusu nusu sababu mkononi nina nguo za Idd za watu, kwa hivyo wacha niandike yote mara moja. Jina la shule sitaliandika, walimu ninaowatetea hapa bado wanakula pale.

Mimi ni fundi cherehani. Nina watoto wawili pale, mvulana alikuwa gredi ya 4 na dadake darasa la 6. Karo ilikuwa shilingi 16,500 kila muhula, basi na chakula mbali. Si shule ya matajiri, ni madarasa ya mawe na kiwanja cha mchanga, lakini darasa lilikuwa watoto 28 tu, na hio 28 ndio iliyonipeleka pale tangu mwanzo.

Jumapili ile ya tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza shule zifungwe sababu ya korona sisi wote tulidhani ni wiki mbili tatu. Ikaja kafyu, ikaja kufungiwa Mombasa hakuna kutoka hakuna kuingia, Mji wa Kale wakafungiwa peke yao, na mwezi wa Mei shule ikatutumia ujumbe kwamba masomo yataendelea kwa Zoom na tulipe nusu karo. Mimi nililipa. Nililipa sababu nilijiambia walimu nao wana watoto, na msemo huu mtauona unarudi hapa chini.

Sasa Zoom yenyewe. Simu ni moja tu nyumbani, yangu, na ndio hio wateja wanapiga kuuliza nguo. Bando ya shilingi 100 kwa siku ilikuwa haifiki jioni, na ikigonga dakika 40 somo linakatika, mnaanza kuingia upya mmoja mmoja, huyu hasikii, yule mamake anakaanga samaki na sauti imefunguliwa. Mwanangu ananiambia, mama, mwalimu amesimama. Naenda kuangalia nakuta picha imeganda, mwalimu mdomo wazi, na mtoto amekaa tu anamtazama kwa adabu anangoja amalize neno. Siku moja nilifungua daftari lake nikakuta ameandika nusu kujumlisha robo ni mbili juu ya sita. Ukurasa mzima hivyo hivyo, amejumlisha vya juu na vya juu, vya chini na vya chini, kwa mwandiko msafi kabisa. Wiki tatu hakuna aliyeona. Mimi mwenyewe nilikuwa nashona maski usiku na mchana, sikuona. Dadake alisaidika zaidi na masomo ya redio ya KBC kuliko hio Zoom, anasikiliza huku ananikatia nyuzi, na redio hainiombi bando.

Halafu Julai Waziri wa Elimu wa wakati ule, Magoha, akasema mwaka wa masomo wa 2020 umepotea, watu wangoje Januari 2021. Hapo ndio shule za kibinafsi zikaanza kuanguka kweli. Mwalimu wa serikali alikuwa analipwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, hata shule imefungwa, wa kibinafsi mshahara wake ni karo yetu, na sisi wenyewe kazi zilikuwa zimekwisha, hoteli za pwani zimefungwa, tuktuk hazina abiria. Chama cha shule za kibinafsi, KPSA, kililia kwa serikali kisaidiwe. Kule Kirinyaga shule moja, Mwea Brethren, ilifuga kuku ndani ya madarasa na kupanda mboga kiwanjani. Sikatai kwamba wenye shule waliumia, nawaambia kabisa dairekta wetu alikuwa na mkopo wa benki na nyumba haikujengwa kwa hewa.

Lakini Agosti nikashuka steji ya Bombolulu nikamkuta madam wa gredi ya 4 anauza viazi karai. Ana ndoo nyeupe yenye kifuniko, chupa ya ukwaju, magazeti ya kufungia. Tukasalimiana, nikaagiza vya shilingi 50, na kabla sijasema lolote akaniuliza, huyu kijana frakshoni amefika wapi? Anafunga viazi na anaulizia frakshoni. Nikamwambia ukweli, madam, hajafika popote. Nikamuuliza, kwani shule si inawalipa? Akasema mama, Aprili tulipata nusu, tangu Mei tuko likizo bila malipo, Zoom wanafundisha wawili tu. Mimi nilisimama pale na ule mfuko wa viazi sijui niseme nini. Zile nusu karo zetu za watoto wa gredi nzima zilikuwa zinaenda wapi?

Hili ndilo jambo langu kubwa kwa shule hii. Mengine yote nimesamehe au nimeona wakijirekebisha.

Tarehe 6 Oktoba ikatangazwa gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 warudi Jumatatu tarehe 12. Siku sita. Gredi ya 4 sababu ndio kundi la kwanza la mtaala mpya, wale wengine ni watahiniwa. Grupu ya wazazi haikulala. Kuna baba mmoja anaishi na mama mkwe mwenye sukari, nyumba vyumba viwili, akasema mwanangu haendi mpaka Januari na msinipigie. Mama mmoja nesi akaandika ujumbe mrefu kwamba anachokiona wodini hawezi kukisema, tuvute subira. Upande wa pili kina mama wa huku uswahilini wakasema nyie mna ua na geti, sisi watoto wetu wako ufuoni tangu asubuhi, wengine wameanza kubeba mizigo, wasichana tunawahofia zaidi ya hio korona. Wote walikuwa wanasema kweli, na hio ndio ilikuwa taabu yake. Walitukanana vibaya mpaka admini akafunga grupu siku nzima, na dairekta badala ya kuja kutueleza amejitayarisha vipi akatuma namba ya peibili na ada ya korona shilingi 2,500 kwa kila mtoto.

Mimi nilikuwa upande wa kungoja, wallahi. Lililonigeuza ni lile daftari. Nilikaa nalo usiku nikahesabu, Oktoba mpaka Januari ni karibu miezi mitatu mingine ya mbili juu ya sita.

Siku ya kwanza nilimpeleka mwenyewe. Nawasifu kwa nilichokikuta: getini kuna askari na thamogani ya kupima joto, madumu manne yenye mfereji na sabuni ya maji, madeski yamewekwa alama ya chaki chini ili yasisogezwe, na hewa inapita sababu waling'oa vioo vya madirisha ya upande mmoja. Darasani walikuja watoto 19 kati ya 28. Na madam wake alikuwepo mlangoni, amevaa gauni lake la kijani, anawahesabu.

Maski sasa. Hapa naongea kama fundi. Shule ililazimisha maski yake yenye nembo, shilingi 150 moja, wakati mimi nauza 50. Bei ningeimeza kama ingekuwa kitu. Ilikuwa tabaka moja tu la kitambaa kile kile cha jezi za michezo, wakati Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu Juni maski ya kitambaa iwe tabaka tatu. Saizi moja kwa mtoto wa gredi ya 4 na kijana wa darasa la 8. Ya mwanangu inamshuka puani kila akisema neno, kwa hivyo mkono wake uko usoni siku nzima, na ndio tulichokuwa tunakiogopa. Ikifika saa nne asubuhi imelowa mate, ameitafuna. Nilifumua ile maski, nikaitia tabaka mbili za pamba kutoka kwa leso yangu ya zamani, nikapunguza lastiki, nikatia kijiwaya kidogo cha kubana pua. Jirani akaona, akaleta ya wake, mwisho nilirekebisha za watoto zaidi ya thelathini, na kwa wasio na uwezo sikuchukua pesa. Shule nayo, haki yake niiseme, nilipompelekea mwalimu mkuu moja ya zangu na moja ya kwao akazishika zote mbili mbele ya mwanga wa dirisha, akatazama, na kuanzia Januari wakaruhusu maski yoyote ya rangi ya buluu.

Wiki ya pili hofu ikarudi. Hapa hapa Mombasa Tononoka na Star of the Sea zikafungwa baada ya walimu kupatikana na virusi, na baadaye mwalimu mkuu wa Tononoka akafariki. Siku tatu sikumpeleka. Nilimpigia madam nikamuuliza yeye anaogopa? Akasema naogopa mama, nina mtoto wa miaka miwili, lakini nikikaa nyumbani tutakufa njaa na huko hakuna wa kutupigia simu. Siku ya nne nilimrudisha.

Na masomo? Hapa sina la kuficha, hakuna kitu Zoom ilifanya kinachofika robo ya darasa. Alikuja siku moja anaruka, ananidai chungwa. Madam aliwakatia machungwa mbele yao, nusu, halafu ile nusu akaikata tena, akawauliza nikikupa nusu na kipande hiki umekula vipande vingapi vya chungwa zima, wakaona kwa macho ni robo tatu. Yale machungwa alinunua mwenyewe. Mtoto akanifundisha mimi mezani, na kisu changu cha jikoni, na akalitafuta lile daftari la zamani akaenda kurasa zote anakata kwa wino mwekundu na kuandika upya. Mimi nikimtazama tu.

Januari tarehe 4 wakarudi wote, na dadake pia, na hapo mambo yakalegea. Shule moja ya jirani ilifunga kabisa, haikufungua tena, wale watoto wakaletwa kwetu, darasa la 6 likafika 41. Zile alama za chaki zilifutika wiki ya kwanza. Madumu manne yakawa mawili yenye maji. Thamogani ipo lakini askari anaielekeza hata haangalii namba. Ada ya korona 2,500 ikaitishwa tena, kwa kazi gani sasa? Wanakwenda mbio sababu mihula imebanwa, msichana wangu analeta kazi ya nyumbani mpaka saa nne usiku, anasinzia na kalamu mkononi. Darasa la 8 waliofanya mtihani wa mwisho wa KCPE Machi 2021 wazazi wao wanasema walimu hawakuwatupa, walikuja mpaka Jumamosi. Walimu tena. Kila nikiguswa na kitu kizuri pale nikiangalia nyuma yake ni mwalimu, sio ofisi.

Kwenye mkutano wa wazazi wa Februari nilisimama nikauliza mbele ya watu, walimu waliofanyiwa likizo bila malipo wakati sisi tunalipa nusu karo, watalipwa lini? Dairekta akasema hilo ni jambo la ndani la shule. Nikamwambia si la ndani, bwana, pesa ilitoka mfukoni mwetu. Baadhi ya wazazi walipiga makofi, wengine wakaniangalia vibaya wakiogopa karo itapandishwa. Baada ya mkutano akaniita pembeni, na kwa upole akaniambia watalipwa kidogo kidogo kuanzia muhula huu. Mpaka shule zilipofunga Machi madam alikuwa amepata mwezi mmoja kati ya mitano.

Kwa hivyo mnaouliza, mtoto wako yuko gredi za chini na unataka mwalimu amjue kwa jina, hapo mpeleke, hutajuta. Ukiwa una mgonjwa au mzee nyumbani, nenda kwanza mwenyewe asubuhi ya siku ya kawaida, sio siku ya mkutano, uangalie kama madumu yana maji na madarasa wako wangapi. Maski shona au nunua ya tabaka tatu. Ada ya korona dai risiti iliyoandikwa imenunua nini, mimi nilidai na ya muhula uliopita nikarudishiwa 1,000. Nyota nawapa tatu kwa tano, na zote tatu ni za walimu.

Tarehe 10 Mei msichana wangu ataenda, inshallah, na kakake wa gredi ya 4 atamfuata mwaka mpya wa masomo ukianza Julai. Karo nimelipa nusu. Nusu ya pili nimemwambia bwana fedha nitaimaliza siku madam atakayoniambia ile miezi yake minne imeingia.