Duka la spea Chake lilivyonitilia oili ya gari kwenye pikipiki

Kama una pikipiki ya gia na unafanya sevisi hapa Pemba, tafadhali usikubali fundi afungue ile nati ya chini kabla chupa ya oili hujaishika mkononi ukaisoma mwenyewe. Nasema hivi kwa uchungu.

Siku za karibuni nilipeleka pikipiki yangu, hizi 150 za kawaida, kwenye duka moja la spea Chake Chake, jina silitaji, wana fundi wao anakaa pale barazani. Nikamwambia mwenye duka nataka oili ya unene wa 20W-50 ya pikipiki, iwe na alama ya MA, ile ya oili za pikipiki za klachi. Akanambia ipo. Fundi akafungua, oili chafu yote ikamwagika kwenye karai, hafu ndo mzee anatoka ndani kashika chupa ya oili ya gari, 5W-30, na kule nyuma ile duara ya API, alama ya viwango ya Wamarekani, imeandikwa kabisa Resource Conserving, yaani oili ya kubana petroli.

Nikamuuliza kwa adabu, ami, mbona hii ya gari, MA iko wapi? Akanijibu mbele ya wateja, "Oili ni oili kijana, kwani fundi wewe au fundi mie? Hii ndo ya gari za Japani, bora kuliko hiyo unayoitaka." Watu wakacheka. Na mie nifanye nini, injini tupu, ni Ijumaa jioni maduka ya jirani yashafungwa, na bi mkubwa, mama yangu, yuko kwa dada yake Machomanne ananisubiri nimrudishe Wete kabla ya magharibi.

Sasa jambo lenyewe liko hivi, na mtu anaeuza oili kila siku alitakiwa alijue kuliko mie. Kwenye gari oili ya injini ni ya injini tu, klachi iko mbali huko na gia boksi ina oili yake. Pikipiki zetu hizi oili moja inafanya kazi zote, inalainisha injini, inalainisha gia, na pleti za klachi zinaogelea humo humo. Oili nyingi za gari za siku hizi zinatiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari ile petroli kidogo, na klachi inaishi kwa msuguano, ukiipa ile dawa pleti zinakua kama umezipaka mlenda. Ndo maana Wajapani wakaweka kiwango cha JASO, MA ni ya klachi inayokaa ndani ya oili, na toka 2006 ikagaiwa MA1 na MA2, MA2 ndo inashika zaidi. MB ni ya skuta za otomatiki, klachi yao kavu haiguswi na oili ya injini, tena gia zao za nyuma zina oili yake mbali. Na hiyo 5W ya kusifiwa ni ya kuwashia injini kwenye baridi, Pemba hapa baridi iko wapi? Namba ya kuangalia ni ile ya mwisho, unene ikishapata moto, maana meno ya gia yanaikatakata oili kila siku na kuifanya nyepesi, ukianza na nyepesi tokea mwanzo unabakiwa na nini?

Nisiseme uongo, tulipotoka Chake injini ilikua laini, nikaanza kufikiri labda mzee kasema kweli. Vile vilima vya kuelekea Wete ndo vikatoa jawabu. Navuta mafuta, injini inalia juu kabisa, pikipiki haipandi. Narudisha gia, vile vile. Ikafika pahala ikasimama, na bi mkubwa na magoti yake yale mabovu akashuka akapanda kilima kwa miguu, pakacha la shokishoki alilopewa na dada yake liko mkononi, mie nyuma nasukuma. Hakunilaumu hata neno. Wallahi lile ndo limeniuma kuliko yote.

Hiyo oili siwezi kuiita mbovu, itieni kwenye gari inayoitaka itafanya kazi yake vizuri tu. Na fundi wa Wete aliimwaga, akatia 20W-50 ya MA2, nikazunguka kidogo akaimwaga na hiyo ili itoke na mabaki, akatia nyengine, na klachi imerudi kushika, alhamdulillahi pleti hazikuungua. Kwa hiyo hasara imekua ya oili na ufundi.

Nikarudi dukani kumwambia mzee, si kwa ugomvi. Namaliza kusema tu, nainua macho naiona 20W-50 ya MA iko kwenye shelfu nyuma ya kichwa chake! Namuuliza, ananambia, "Ile ghali, nilikuonea huruma." Huruma gani? Nani kamwambia sina pesa, kaniangalia ndara nilizovaa akauhesabu mfuko wangu? Ningekua sina ningesema mwenyewe, na ningengojea mpaka nipate.

Yule kijana fundi ni mtu wa watu, alinifuata nje akaniomba radhi, na yeye haamui anachopewa kutia. Na spea zao nyengine ni za kweli, cheni niliyonunua pale mpaka leo nzima, brekishuu pia. Nilitaka nimalizie kwa kusema nendeni mkanunue cheni pale ila oili mtafute kwengine. Lakini kila nikiandika nakiona kile kilima. Hapana, hata cheni msinunue, na mie hata balbu ya indiketa sinunui tena pale mpaka mzee yule amuombe radhi mama yangu.