Ukanda wa bati, wavu au mifuko: kipi kinaokoa maembe ya Entebbe?

Ukanda wa bati unaozungushwa kwenye shina la mti ili mnyama ateleze asipande ni mbinu maarufu Australia. Bustani za mijini huko zinasumbuliwa na posamu, mnyama wa jamii ya kangaruu mwenye ukubwa wa paka, anayepanda miti usiku na kumaliza machipukizi, maua na matunda. Sheria ya huko inamlinda, kwa hiyo wenye bustani wamejifunza kumzuia bila kumuua. Uganda hakuna posamu, lakini fundi yeyote wa bati pale Katwe, jijini Kampala, atakukatia ukanda huo ukimpa vipimo, na maduka ya pembejeo ya Container Village, jijini humo, yanauza nyavu. Tumeviangalia vitu hivi kwa macho ya mwenye miti mitatu minne nyuma ya nyumba mjini Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, ambaye wezi wake ni tumbili, kindi, panya na popo.

Kabla ya kununua chochote, okota tunda lililoharibika ulitazame. Embe bichi lililong'atwa mara moja na kutupwa, huku vitawi vimevunjika juu, ni kazi ya tumbili, tena ya mchana. Tundu lenye mikwaruzo myembamba ya meno linaonyesha kindi. Likichimbwa usiku na ukakuta vinyesi vyeusi kama punje za mchele, huyo ni panya. Popo mara nyingi hali pale pale: hubeba tunda hadi mti mwingine, akatafuna, akanyonya maji na kutema makapi. Ukiona vidonge vikavu vya nyuzi zilizobanwa chini ya mti wa jirani, usipoteze hela kwenye bati. Anayeruka hahitaji shina.

Tuanze na bati lenyewe. Omba bati bapa lisilo na migongo, futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Kwa unene, geji 30 ndiyo inayofaa (namba ya geji ikipanda, bati ni jembamba zaidi). Geji 32 ni laini mno, hubonyea na kupiga kelele upepo ukivuma. Geji 28 ni ngumu kuizungusha kwa mikono. Bati moja linatoa vipande vinne vya sentimita 61 kwa 122. Ukiacha sentimita 10 za kupishanisha, kipande kimoja kinatosha shina lenye kipenyo cha hadi sentimita 35. Kwa maneno mengine, bati moja ni miti minne. Mwambie fundi akunje kingo za juu na chini sentimita 1 kila upande. Usipomwambia hatakunja, na makali ya bati yatakula gome la mti, kisha vidole vyako.

Kufunga ndiko kunakoharibu kazi. Usipigilie misumari kwenye shina: kila tundu ni mlango wa uozo, na shina likinenepa bati linachanika au linaminya mti. Pitisha waya juu na chini, na katikati ya kila waya unganisha kipande cha tyubu ya baiskeli cha sentimita 10 ili ukanda utanuke mti unapokua. Hata hivyo, fungua mara mbili kwa mwaka, mvua za Machi hadi Mei zinapokwisha na tena baada ya zile za Septemba hadi Novemba. Nyuma ya bati hujaa unyevu, majani yaliyooza na sisimizi. Fagia, acha gome likauke siku moja, ufunge tena. Mpapai uangaliwe kila mwezi, maana shina lake ni laini na hunenepa haraka.

Kwa posamu, ukanda wa sentimita 60 unaoanzia sentimita 60 kutoka ardhini unatosha. Kindi anaruka zaidi ya hapo, kwa hiyo kwake weka ukingo wa chini kwenye mita 1.5 au zaidi. Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya kifaa hiki: mwembe wa kupandikizwa, ambao ndio unauzwa kwenye vitalu siku hizi, hutoa matawi chini ya mita 1, na huna pa kuufunga. Fenesi nalo huzaa kwenye shina lenyewe, wakati mwingine karibu kabisa na ardhi, hivyo bati litakuwa linalinda majani. Kifaa kinafaa mwembe mrefu wa mbegu, mparachichi wa zamani na mpapai.

Sharti jingine: mti usimame peke yake. Kata kila tawi lililo ndani ya mita 2 kutoka kwenye ukuta, paa, mti mwingine au waya wa simu. Tawi linalogusa waya wa umeme si la panga lako, ita kampuni ya umeme. Ukiacha tawi moja tu juu ya banda la kuku, umewatengenezea panya daraja.

Na tumbili? Dhidi yake bati ni pambo. Wale wa Entebbe, wanaozunguka kati ya bustani ya mimea na makazi, wanapita juu ya kuta na mapaa na kuruka kutoka mti hadi mti. Kama shida yako ni wao tu, usitoe pesa yako.

Wavu ndio wenye faida kubwa, na ndio wenye madhara makubwa ukinunua vibaya. Madukani utaonyeshwa aina mbili. Ya kwanza ni ya nyuzi nyembamba za nailoni, nyepesi, yenye matundu yanayoweza kupitisha kidole, na bei yake ni ya chini. Iache hapo hapo. Popo na ndege wananaswa na kuvunjika mbawa, nyoka pia, nawe asubuhi una kiumbe hai kinachohangaika mtini. Ya pili imefumwa kwa nyuzi nene zaidi za plastiki iliyotiwa kinga ya jua, na matundu yake hayazidi milimita 5. Jimbo la Victoria, Australia, limelifanya hilo kuwa sharti la kisheria kwa nyavu za matunda za majumbani tangu Septemba 2021, na ni kipimo kizuri hata hapa: sukuma kidole, kikipenya usinunue. Chagua nyeupe, popo huiona vizuri zaidi gizani.

Hesabu ya wavu huwachanganya wengi. Mwembe ambao, pamoja na fremu ya kubebea wavu, una kimo cha mita 3 na upana wa mita 3 unataka wavu wa mita 9 kwa mita 9: 3 za kupanda, 3 za juu, 3 za kushuka. Wavu wa upana wa mita 3 ukatwe vipande vitatu vya mita 9, vishonwe kwa uzi wa nailoni. Mti ukizidi mita 4, achana na wazo hilo au uupogoe kwanza baada ya mavuno.

Wavu usilale juu ya majani. Popo atatua juu yake na kutafuna embe kupitia matundu. Simamisha fremu ya mianzi au mabomba ya plastiki, acha nafasi ya sentimita 30 kati ya wavu na matunda, vuta kamba hadi wavu ukaze kama ngoma, kisha zika ukingo wa chini au uukandamize kwa matofali. Tufani za ziwani huugeuza wavu uliolegea kuwa tanga la jahazi. Funika matunda yanapofika ukubwa wa gololi. Mapema zaidi utawazuia nyuki na nzi wanaochavusha maua. Tumbili huchana wavu akijisikia, lakini wavu uliokaza humchelewesha kuliko uliolegea.

Popo akinaswa, usimguse kwa mikono mitupu. Aina moja ya popo wa matunda wa Uganda hubeba virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali inayoweza kuua. Pigia Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. Tunda lililong'atwa nalo lifukiwe, lisikatwe ule upande "mzima" na kupewa watoto. Kuua wanyamapori kama popo na tumbili bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na ndizi yenye sumu inaweza kumuua mbwa wa jirani kabla ya tumbili.

Mifuko ya kufunika tunda mojamoja ndiyo inayostahili sifa zaidi ya inavyopewa. Kitambaa chepesi au karatasi ngumu, sentimita 20 kwa 30, kifungwe kwenye kikonyo embe likifikia ukubwa wa yai la kuku. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, hapana, linafanya jasho na tunda linaoza. Mfuko wa kitambaa unazuia hata yule nzi wa matunda aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 akasambaa ukanda mzima, kazi ambayo wavu wa milimita 5 hauiwezi. Ubaya ni ngazi: matunda 30 yanafungika asubuhi moja, 300 hayafungiki. Fenesi livike gunia la zamani.

Vifaa vya sauti isiyosikika na taa za kumetameta havistahili nafasi kwenye pochi, wanyama huvizoea. Maji ya pilipili yanafanya kazi hadi mvua inayofuata, ambayo Entebbe ni kesho.

Parachichi halihitaji ununue chochote. Haliivi likiwa mtini: chuma lililokomaa bado gumu, lilaze ndani kwenye karatasi, na wezi watakuta matawi matupu. Embe lililokomaa nalo, mabega yakishajaa karibu na kikonyo, litaivia jikoni vilevile.