TAHADHARI: Jamaa wa "seti ya LED" na kupaka upya geji za malori ya jeshi, msimtumie hela wala geji zenu

Wakuu habari za saa hizi, naandika hasira bado haijaisha kwa hiyo maneno yakipishana mnisamehe. Kuna jamaa mtandaoni anauza seti ya taa za LED za dashibodi kwa malori ya zamani ya jeshi, na anapokea geji zako anazipaka upya ziwe zinawaka kama za gari mpya. Simtaji jina maana tangu nianze kumtafuta ashabadilisha mara mbili, leo fundi wa hivi kesho duka la vile, kwa hiyo shikeni alama zake.

Mimi nina Bedford MJ, zile 4x4 za jeshi la Uingereza zilizotengenezwa Dunstable, najua wengi mnazijua maana nyingi zilipotoka jeshini zikaletwa huku kubeba watalii. Yangu inabeba mahema na vyombo vya kambi kwenda Karatu. Gari haina neno, kasheshe ni dashibodi usiku, huoni kitu. Na sio uzee tu, hizi gari zilitengenezwa zisionekane, kule nyuma kuna kitaa kidogo kimefichwa chini kinamulika difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma) iliyopakwa rangi nyeupe ili mwenzako kwenye msafara afuate difu na sio taa za nyuma, sasa watu wa namna hiyo utegemee wakuwekee geji za kung'aa? Ongeza vumbi la miaka 40 na ile rangi ya ndani ya geji iliyogeuka kahawia, basi mimi usiku nilikuwa naangalia joto la injini kwa tochi ya simu.

Jamaa akaniambia laki tatu na themanini, nusu kwanza nusu mzigo ukiwa tayari. Nikamtumia kwa simu, jina lililotokea kwenye muamala la mwanamke, akasema la mke wake, mimi nikaona poa tu (hapo ndio nilitakiwa nisimame). Geji nikazifungasha vizuri nikazituma Dar kwa basi. Alisema siku nne, ikawa wiki tatu, na kila nikipiga yuko msibani, sijui huo ukoo umebaki na watu wangapi.

Mzigo ukafika, fundi akafunga, usiku wa kwanza aisee ilikuwa raha, dashibodi nzima bluu kama ndege. Nikapiga picha nikamtumia na asante juu. Ikumbukeni hiyo picha nitairudia.

Safari ya kwanza nimetoka Arusha jioni, sijafika Makuyuni taa ya geji ya mafuta ikaanza kucheza ikazima, ikafuata ya joto, halafu harufu ya plastiki inaungua. Kuchomoa balbu, stika yake imeandikwa 24V, nikaikwangua kwa kucha chini yake kumeandikwa 12V. Yani kabandika stika juu ya balbu za gari ndogo! Kwa asiyejua, malori haya yana betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo kupata 24, na injini ikiwaka alteneta inapandisha mpaka karibu 28, sasa LED ya 12 inavumiliaje hapo? Inawaka vizuri sana kwanza, inang'aa kuliko kawaida, ndio maana unafurahi na kumtumia picha, halafu inakufa.

Kumbe hilo lilikuwa dogo. Asubuhi Karatu gari haipigi hata kidogo, betri zote mbili zimelala. Nilivyorudi nikampelekea mzee mmoja fundi umeme pale Unga Limited, akaangalia dakika kumi akacheka. Kwenye alteneta iliyopo kwenye gari langu (sio ya asili, mwenye gari wa kwanza aliibadilisha) ile taa nyekundu ya chaji sio ya kukuonyesha tu, umeme unaopita kwenye balbu yake ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. Balbu ya zamani ya waya inapitisha umeme wa kutosha, LED inapitisha kidogo mno, kwa hiyo alteneta inazunguka bure na wewe umewasha taa kubwa unakula betri mpaka zinaisha. Fundi anayejua kazi hagusi taa ya chaji, au akiweka LED anaweka na rezista pembeni. Yule jamaa wa LED kaniambia "badilisha zote bosi zifanane".

Sasa mita ya spidi, hapa mtanicheka na mna haki. Ya asili inasoma maili, yeye kaniwekea sura mpya ya stika imeandikwa km/h, nikaona kanisaidia. Wiki ya pili trafiki kanisimamisha kwenye kibao cha 50 anasema nimepita na 64, mimi nikabisha mpaka nikashuka kwenye gari, nikamwambia afande tochi yako mbovu mimi nilikuwa 40 kabisa. Nikalipa elfu 30 nikiwa nimenuna. Jioni nikawasha GPS ya simu kupima, mshale ukiwa 40 simu inasema 64. Hakubadilisha kitu, namba zile zile mahali pale pale, kafuta tu neno la maili kaandika kilomita. Nimeendesha wiki mbili nikijiona mstaarabu kumbe nawapita watu. Na stika yenyewe ilishaanza kuvimba kwa joto inagusa mshale.

Geji ya presha ya oili ndio inaniuma zaidi, maana aliyorudisha sio yangu. Yangu ilikuwa ya Smiths (kampuni ya geji ya Uingereza), kioo kina ufa mdogo chini kulia ambao nimeishi nao miaka, iliyorudi kioo kizima halafu mshale unakaa katikati hata injini imezimwa.

Na hili mnisikilize hasa wenye magari ya zamani zaidi, Bedford RL na vyuma vya miaka ya 50 kurudi nyuma. Jamaa anawashauri watu wakwangue wenyewe kwa msasa ile rangi ya zamani kwenye namba na mishale kabla ya kumtumia, eti apunguze gharama. Msifanye hivyo. Geji nyingi za kijeshi za enzi hizo zilipakwa rangi ya radiumu ili zing'ae gizani. Usidanganyike kwamba haing'ai tena kwa hiyo imekufa, kilichochoka ni ile kemikali inayotoa mwanga, radiumu yenyewe inachukua miaka kama 1600 kupungua nusu. Ikiwa imefungwa nyuma ya kioo ni afadhali, vumbi lake likiingia mapafuni au tumboni ndio balaa. Marekani miaka ya 1920 wasichana waliokuwa wanapaka rangi hiyo kwenye saa walikuwa wanachonga ncha ya brashi kwa midomo, mataya yakaoza. TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania) wapo hapa Arusha, Njiro, peleka swali kwao kabla hujafungua kitu.

Mimi sasa nimerudi kwa mzee wa Unga Limited. Kafungua geji zilizobaki, kasafisha vioo, kapaka nyeupe ndani ya makopo yake ili mwanga urudi mbele, kaweka balbu za 24 za kweli na taa ya chaji kaiacha ya waya. Elfu 70 yote na inasomeka vizuri, haina bluu lakini sihitaji disko. Kama bado unataka LED, ijaribu kwanza kwenye betri mbili zilizoungwa masaa kadhaa kabla hujailipia, na ujue ile swichi ya kupunguza mwanga huenda isiipunguze.

Namba ya huyo tapeli nimeshaituma 15040 (ile ya kuripoti namba za matapeli), na kabla hajaniblok nina mazungumzo yote, polisi nimefika nina RB.

Haya ile picha. Sa hivi anaitumia kutangaza biashara, dashibodi yangu inawaka bluu, mkono wangu na saa yangu pembeni. Na juzi kaweka tangazo jingine, "geji ya oili Smiths orijino ya Bedford, laki moja na nusu". Ikuze picha uangalie kioo, chini kulia.